Maswali ya Wasomaji: Pale Miti Inapokomea, Nyasi Huendelea

Kati ya barua tulizopokea kuhusu uoto wa milima mirefu, tumechagua sita ambazo majibu yake yanashikana. Tumezifupisha pale ilipobidi, na mbili au tatu tumezijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu zinagusa mambo ambayo hata watu waliosoma huyakosea.

Swali: Ndugu Mhariri, kila picha ya mlima mrefu ninayoitazama inaonyesha msitu ukikoma ghafla, kisha nyasi na maua madogo madogo yakiendelea kupanda hadi kwenye mawe na theluji. Mwenzangu ananiambia kwamba miti hukosa hewa. Je, ni kweli? Na kama miti imeshindwa, nyasi zimewezaje?

Jibu: Ndugu msomaji, mwenzako ameshika nusu ya jambo. Ni kweli kwamba hewa ya juu ni nyepesi, na kwamba kabonidayoksaidi (hewa ya ukaa), gesi ambayo mimea huitumia kujitengenezea chakula, hupungua kadiri mtu anavyopanda. Hata hivyo, katika hewa nyepesi gesi hupenya haraka zaidi kuingia ndani ya jani, kwa hiyo sehemu kubwa ya upungufu huo hujifidia yenyewe. Isitoshe, mti na nyasi huvuta hewa ileile. Kama tatizo lingekuwa hewa, vingekoma pamoja.

Kinachoukomesha msitu ni joto, na si baridi kali ya usiku mmoja bali uhaba wa joto katika msimu mzima wa kukua. Mwanabotania Christian Körner wa Chuo Kikuu cha Basel na wenzake walifukia vipimajoto vidogo ardhini, kwenye kivuli cha miti ya mwisho, katika milima ya tropiki na ya nchi za baridi, wakakuta kwamba wastani wa joto la msimu wa kukua pale miti inapokomea ni nyuzi 6 hadi 7 za Selsiasi karibu kila mahali. Kimo chenyewe hutofautiana mno. Kaskazini ya Skandinavia miti hukomea mita mia chache tu juu ya usawa wa bahari, katika milima ya Alps huko Ulaya hukomea kwenye mita 2,000 na ushei, na kwenye mlima Sajama nchini Bolivia vijiti vya jenasi ya Polylepis huonekana hata juu ya mita 5,000. Ndani ya mti hali huwa hivi: majani huendelea kutengeneza sukari hata kukiwa na baridi, na miti ya mpakani ilipochunguzwa ilikutwa na akiba ya kutosha, lakini kazi ya kujenga seli mpya za mbao, mizizi na machipukizi karibu husimama joto linaposhuka chini ya nyuzi 5 hivi. Matofali yapo, saruji ipo, mwashi amekufa ganzi.

Nyasi nazo hazina dawa ya kuishinda baridi hiyo, kwa kuwa seli zao husimama vilevile. Tofauti iko katika mahali zinapoishi. Mti hulipeleka tawi lake hewani, upepo unapovuma, na hivyo hulazimika kuwa na joto la hewa. Mmea wenye kimo cha kidole hujikunyata ndani ya tabaka jembamba la hewa tulivu iliyogusana na udongo, na jua likiwaka mchana majani yake yanaweza kuwa na joto la nyuzi 10 na zaidi kupita hewa inayopita juu yake. Kituo cha hali ya hewa hupima joto kwenye kimo cha karibu mita 2. Kwa nyasi za mlimani, hiyo ni tabianchi ya nchi nyingine. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya mwili wa mimea hii imo chini ya ardhi, na kitovu chake cha kukua kimefichwa usawa wa udongo au chini yake, kiasi kwamba tunachokiona tukiwa tumesimama ni kile ambacho mmea uko tayari kukipoteza.

Swali: Mhariri, ninafanya kazi ya kuongoza wageni mlimani karibu na ikweta. Kambini usiku maji huganda ndooni, na saa nne asubuhi tunavua makoti. Mimea haina pa kukimbilia. Inavumiliaje zamu hizi mbili kila siku?

Jibu: Umelieleza vizuri jambo ambalo lilimshughulisha Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden aliyechunguza milima mirefu ya Afrika Mashariki. Hedberg alisema kwamba huko kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi. Kwenye Alps au Himalaya, mmea hulala miezi mingi chini ya theluji, na theluji hiyo ni blanketi: hewa ya juu ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, udongo uliofunikwa vizuri hubaki karibu na sifuri. Karibu na ikweta hakuna usingizi wa namna hiyo. Mmea unatakiwa ukue mchana na ujilinde usiku, mwaka mzima, bila likizo.

Siku moja alfajiri, kabla jua halijafika kambini, chuchumaa kando ya shungi kubwa la nyasi. Ncha za nje utazikuta zimepakwa sakitu nyeupe na ngumu kama waya. Ingiza vidole taratibu katikati, ukipenya majani makavu ya rangi ya kijivu ambayo shungi halikuyaangusha kwa miaka mingi, na utafika kwenye kiini kilicho kikavu, laini, kisicho na barafu, ambako machipukizi mabichi yamebanana. Yale majani makavu ambayo mpita njia huyaona kuwa takataka ndiyo koti lenyewe. Mbinu hiyohiyo inatumiwa na masenesio makubwa ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, mimea mirefu yenye shina nene na shada la majani juu, ambayo huvaa majani yaliyokufa kuzunguka shina lote. Ndugu zao wa mbali wa jenasi ya Espeletia katika milima ya Andes, Amerika Kusini, hufanya hivyohivyo, na huko imeonekana kwamba mmea ukivuliwa koti hilo, maji yaliyohifadhiwa katikati ya shina hupozwa mno, kisha jua linapowaka asubuhi majani huomba maji na shina haliwezi kuyapandisha. Majani mabichi ya juu nayo hujifunga usiku kama ngumi na kufunika kichipukizi. Lobelia mojawapo ya Mlima Kenya imekwenda mbali zaidi: huweka maji katikati ya majani yake, maji hayo huganda juu tu, na kule kuganda kwenyewe hutoa joto linalozuia kichipukizi kilicho chini kushuka sana chini ya sifuri.

Adui mkubwa kuliko baridi ya hewa, pengine, ni barafu ya udongoni. Usiku, maji ya udongo ulio wazi huganda na kuwa sindano nyembamba zilizosimama wima, zikinyanyua chembe za udongo na vijimche vyovyote vilivyoota. Mchana sindano huyeyuka, vijimche huanguka vikiwa vimeng'olewa mizizi. Ukikutana na vitufe vya kuvumwani (kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja) vilivyoshikamana na jiwe, usivichanganye na vile vitufe vya mosi, yaani vimea vidogo laini visivyo na maua, vinavyokaa juu ya udongo mtupu bila kushikamana na chochote: hivi vya pili vimegeuzwageuzwa na sindano hizo usiku baada ya usiku, hata vikaota pande zote. Ndiyo sababu pia tunawaomba waongoza wageni wasitoke njiani. Shungi likishakanyagwa likafa, udongo hubaki uchi, na sindano haziruhusu kirudi kitu kwa miaka mingi.

Swali: Je, nyasi za milimani huishi muda gani? Nimezoea kwamba nyasi ni kitu cha msimu mmoja.

Jibu: Za mwaka mmoja ni chache sana huko juu, kwa kuwa msimu ni mfupi na mbegu inayoota leo inaweza kufa kesho. Mimea mingi hutegemea zaidi kujitanua kwa vichipukizi vya pembeni, mmoja ukizaa wa pili ulio nakala yake kamili. Katika Alps ya Uswisi watafiti walichunguza kwa vinasaba kipande cha ardhi chenye ndago iitwayo Carex curvula, wakakuta vichipukizi zaidi ya 7,000 ambavyo vyote ni mmea mmoja. Kwa kuwa ndago hiyo hujisogeza chini ya milimita 1 kwa mwaka, umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 2,000 hivi. Ndago si nyasi kamili kwa uainishaji wa wataalamu, lakini katika malisho ya juu si rahisi kuzitenganisha kwa kutupa jicho tu. Kwa hiyo zulia unalolikanyaga linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mti wowote ulioupita njiani, na hakuna anayelipigia picha.

Swali: Kikundi chetu cha mazingira kimepata uwanda mkubwa wa nyanda za juu ulio na nyasi tupu. Tunataka kuupanda miti ili kuhifadhi maji na kupunguza hewa ya ukaa. Tuchague misonobari au miwati?

Jibu: Tunawaomba, kwa heshima, msichague yoyote kati ya hizo mpaka mmejibu swali moja: je, hapo palikuwa msitu?

Tulichoeleza kwenye jibu la kwanza kinahusu nyasi zilizo juu ya mpaka wa miti, ambako hata mngepanda isingekua. Lakini zipo nyanda nyingi za nyasi zilizo chini ya mpaka huo, mahali ambapo mti ungeweza kukua, na watu huzidhania kuwa msitu uliokatwa. Baadhi kweli ndivyo zilivyo. Nyingine ni za kale, zikitunzwa na sakitu inayojikusanya mabondeni usiku, na moto, na wanyama walao nyasi, au na udongo unaotuama maji. Dalili za uwanda wa kale zinaonekana ukiwa umepiga magoti: mimea yenye viazi, vitunguu na mizizi minene inayochipua baada ya moto, na spishi ambazo haziishi kivulini wala hazipatikani mahali pengine. Spishi za namna hiyo hazizuki ndani ya miaka hamsini baada ya mtu kukata miti. Uwanda wa Kitulo kusini mwa Tanzania, ambao umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005 kwa ajili ya mimea yake, ukiwa na okidi za aina nyingi, ni mfano ambao kila mpenda kupanda miti angefaa kuusoma kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Mfano mwingine ni milima ya Nilgiri kusini mwa India, ambako nyasi na vipande vidogo vya msitu vimekaa pamoja kwa maelfu ya miaka, hadi miwati iliyoletwa kupandwa ilipoanza kusambaa yenyewe na kuzimeza nyasi. Kuiondoa sasa ni kazi ngumu kuliko ilivyokuwa kuipanda.

Kuhusu maji, imani kwamba mti huleta maji popote unapopandwa ni imani tu. Msonobari una majani mwaka mzima, hunasa sehemu ya mvua kabla haijafika chini, na hunywa kwa mizizi mirefu hata wakati nyasi zimekauka na kuacha kunywa. Katika milima ya Drakensberg nchini Afrika Kusini, mabonde yaliyopandwa misonobari yalilinganishwa kwa miaka mingi na mabonde jirani yaliyoachwa na nyasi, na vijito vya mabonde ya misonobari vilipungua waziwazi. Sheria ya Maji ya nchi hiyo ya 1998 inautaja upandaji wa misitu ya kibiashara kuwa shughuli inayopunguza mtiririko wa mito, na anayeufanya huhitaji idhini. Katika paramo, yaani nyanda za nyasi za juu katika Andes ya kaskazini, vipimo vilivyofanywa Ecuador vilionyesha kwamba misonobari ilipunguza maji ya vijito kwa karibu nusu. Udongo wa huko ni mweusi, mwepesi, wa asili ya volkano, na baridi huchelewesha kuoza kwa mboji kiasi kwamba udongo hufyonza maji kama sifongo na kuyaachia polepole. Jiji la Bogotá hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka katika paramo ya Chingaza.

Mboji hiyohiyo ndiyo jibu la hewa ya ukaa. Kaboni ya nyanda hizi imo ardhini, si kwenye mashina. Ukiukausha udongo kwa mizizi ya miti, au ukiulima ili kuipanda, unaweza kuachilia kaboni iliyokusanywa kwa karne nyingi huku ukijisifu kwa ile inayoonekana ikikua juu. Tunajua kwamba kikundi kilichokwisha kununua miche hakipendi kusikia maneno haya.

Upande wa pili nao una haki yake. Kwenye Kilimanjaro, mioto ya mara kwa mara imeula msitu wa juu wa mierika (miti ya jenasi ya Erica) na kuushusha mpaka wake, na mahali pale palipokuwa na miti inayokamua maji kutoka katika ukungu sasa pana vichaka na nyasi. Moto wa Oktoba 2020 uliunguza maeneo mapana ya ukanda huo. Hapo kuurudisha msitu ni sawa kabisa, na njia bora ni kuuzuia moto ili mierika ijirudie yenyewe, wala si kuleta miti ya kigeni.

Swali: Wanyama wachimbao mashimo wanatuharibia malisho ya juu. Je, kuna ubaya gani kuwaua kwa sumu?

Jibu: Jambo hili lilijaribiwa kwa kiwango kikubwa kwenye uwanda wa Tibet, ambako anaishi pika, mnyama mdogo asiye na mkia anayeonekana, wa ukoo wa karibu na sungura. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 amekuwa akitegewa sumu kwa madai kwamba anashindana na yaki na kondoo. Lakini pika hupenda nyasi fupi, ili amwone adui mapema, kwa hiyo huzidi pale ambapo mifugo imekwisha kula kupita kiasi. Ni dalili ya ugonjwa, na waliomwua waliuacha ugonjwa wenyewe. Mashimo yake huruhusu maji ya mvua kuzama badala ya kutiririka juu ya zulia lililoshindiliwa na kwato. Ndege fulani wa uwandani huzalia humo. Mbweha, vicheche, mwewe na hata dubu humtegemea kwa chakula. Mahali alipoangamizwa, hao wote walipungua.

Katika milima ya Bale nchini Ethiopia kazi kama hiyo hufanywa na fuko mkubwa, ambaye hugeuza udongo na kuuchanganya na mboji, naye ndiye mlo mkuu wa mbwamwitu wa Ethiopia, mnyama ambaye waliobaki porini ni wachache kuliko 500. Sumu itakayomfikia fuko itamfikia pia yeye.

Ushauri wetu ni kupunguza mifugo au kuipumzisha ardhi kwa zamu, kisha kutazama kama wachimbaji hawatapungua nyasi zitakaporefuka. Wala hatusemi mifugo iondolewe yote. Katika Alps, malisho yaliyo chini ya mpaka wa miti yakiachwa bila kuchungwa huvamiwa na vichaka, na maua mengi yaliyozoea mwanga hupotea.

Swali: Mwalimu wetu alisema kwamba dunia ikizidi kupata joto, mimea ya milimani itapanda juu hadi kileleni, kisha itakosa pa kwenda. Je, jambo hilo limeshaonekana?

Jibu: Sehemu ya kwanza imeonekana bila shaka. Tangu 2001 mtandao wa watafiti uitwao GLORIA umekuwa ukihesabu mimea kwenye vilele vilevile, kwa kamba na miraba ileile, katika mabara mbalimbali. Mwaka 2018 utafiti mwingine ulichapishwa uliokusanya hesabu za vilele 302 vya Ulaya kwa kipindi cha miaka 145, na ukaonyesha kwamba spishi mpya zilivifikia vilele hivyo katika miaka ya 2007 hadi 2016 kwa kasi mara 5 ya ile ya 1957 hadi 1966. Kwenye milima ya Mediterania, ambako kiangazi ni kikavu, idadi ya spishi imebaki ilipokuwa au imeshuka, maana joto bila maji si neema.

Tahadhari moja ni muhimu. Mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt alipanda mlima Chimborazo nchini Ecuador mwaka 1802 na baadaye akachora mchoro maarufu wa mimea kwa vimo vyake. Watafiti waliorudi huko karne mbili baadaye walitangaza mwaka 2015 kwamba mimea imepanda zaidi ya mita 500. Mwaka 2019 wengine wakaikagua hati ya Humboldt, wakagundua kwamba rekodi nyingi za mimea ya juu zilitoka mlima mwingine, Antisana, na walipolinganisha Antisana na Antisana walipata mita 215 hadi 266. Mimea imepanda kweli, ila kwa nusu ya kile kilichotangazwa. Tunalitaja kwa sababu namba ya kwanza ingali inazunguka.

Sehemu ya pili, ya kukosa pa kwenda, ni ngumu zaidi kuijibu. Kilele kinaweza kuonekana kimetajirika kwa sababu wageni wamefika na wenyeji hawajafa. Ndago yenye umri wa miaka 2,000 haifi kwa miongo miwili ya joto, na inaweza kuendelea kusimama muda mrefu baada ya mahali pake kuacha kuifaa. Kwa hiyo hesabu ya leo inaweza kuficha hasara iliyokwisha kuanza. Kwa upande mwingine, kumbuka tulikoanzia: mmea mfupi hauishi katika joto la kituo cha hali ya hewa. Kamera za kupima joto zilipoelekezwa kwenye mteremko mmoja wa Alps, zilionyesha tofauti za nyuzi kadhaa kati ya mgongo wa jua, shimo la theluji na kivuli cha jabali, sawa na tofauti ambayo hewani ingehitaji mtu apande mita mia kadhaa. Kwa baadhi ya mimea, basi, safari ya kuikimbia joto huenda isiwe ya kupanda mlima hata kidogo, bali ya kuvuka kijito na kuhamia upande ambao jua huufikia kwa kuchelewa.